Moshi wa Njia ya Gasenyi

Jabe, Bujumbura
12 Februari 1998

Mjomba Hamoud,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma na garaji inakupa riziki. Sisi tulimaliza Ramadhani salama na tumekula Idi, ingawa safari hii mtaani kwetu hakuna aliyechinja. Mama miguu bado inamvimba, lakini asubuhi anakaa dukani kwake na kugombana na wateja kama unavyomjua dada yako, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Anakusalimu. Anauliza zile wiki mbili ulizosema siku unapanda boti zitaisha mwaka gani. Mi naandika tu anachoniambia.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni pikipiki ya babu, ile aliyoinunua kwa Mgiriki. Inatoa moshi. Si ule moshi mdogo wa asubuhi ulionizoesha ulipokuwa ukinifundisha kuiendesha. Huu unajaza barabara nzima, na hata injini ikipata moto haupungui. Siku hizi naitumia kupeleka nguo ninazoshona kwa wateja wangu wa Mutanga Nord. Juzi askari wa bariyeri alinisimamisha akaniuliza kama nimebeba takataka zinazoungua. Wenzake walicheka. Mi sikucheka, maana chombo kinachoonekana toka mbali si kitu kizuri wakati huu.

Mafundi wa hapa wanaozijua injini hizi wamekwisha kukimbia. Uliyebaki ni wewe. Nifanye nini?

Wako mpwa,
Nura

*

Kigoma
20 Machi 1998

Mwanangu Nura,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Cirimwami, mfanyabiashara wa dagaa, baada ya kuzunguka Rumonge muda mrefu. Hii namkabidhi yeye. Nashukuru dada yangu yupo na ana nguvu za kugombana. Mimi mzima. Kazi zipo, za wavuvi zaidi, mashine za boti.

Sasa sikiliza. Injini ya babu yako haina oili yake chini kama gari. Inakunywa oili iliyochanganywa na petroli, kwa hiyo moshi kidogo ni haki yake. Ukizidi kuna sababu, na sababu tunaanza kuitafuta kwenye lililo rahisi. Najua huko kwa vikwazo hivi vya nchi jirani watu wanauza chochote kwenye chupa. Mwaga petroli yote iliyomo. Changanya upya kwa kile kikopo changu chenye alama, na oili iwe ya pikipiki, si ya lori wala mawese. Toa buji, ambayo huku wanaiita plagi, uniambie rangi yake. Kisha fungua bomba la moshi, lichome kwenye moto wa kuni mpaka masizi yatoke, maana bomba lililolowa oili hutoa moshi hata kama kosa limeondoka. Ukipiga kiki, angalia kama mguu unapata upinzani. Kiki ikiwa laini, ringi za pistoni zimekwisha.

Niandikie rangi ya moshi na harufu yake. Vyote viwili vina maana.

Wasalimie wote wa nyumbani.
Mjomba wako, Hamoud

*

Jabe
2 Mei 1998

Mjomba,

Salaam nyingi. Mvua imetupiga sana, ukuta wa choo umeanguka, lakini hakuna aliyeumia. Mama ameniambia niandike hivi, neno kwa neno: barua ya Hamoud ina kurasa mbili na jina la mke wake halimo.

Nimefanya uliyosema, mwenyewe, uani. Esansi ya zamani nilimwaga. Hamimu wa duka la spea alinipa oili safi aliyokuwa ameificha. Buji ilikuwa nyeusi na imelowa, ukiishika inateleza. Bomba nililichoma, yakatoka masizi ya kujaza ndoo, majirani wakafunga madirisha. Kiki ni ngumu kama zamani, bado inanirudisha mguu.

Kwa muda kidogo nilifurahi, nilikwenda na kurudi bila mtu kunigeukia. Kisha moshi ukarudi. Ni mweupe wenye ubuluu, mzito, unabaki nyuma yangu kama pazia. Harufu yake si ya oili ninayochanganya. Inanuka kama mashati yako siku ulizokuwa unafungua giaboksi.

Nisaidie haraka kama unaweza.

Nura

*

Kigoma
30 Mei 1998

Mwanangu Nura,

Salaam. Mshukuruni Mungu kwa ukuta kuanguka peke yake.

Mwambie mama yako nimesikia. Asiya alichagua. Nilimwomba tupande boti pamoja, akasema mbele ya watu kwamba hamwachi mama yake. Nasikia alimchukua wakaenda kwa ndugu zao Rumonge. Yuko na watu wake. Mimi sina la kuuliza.

Kuhusu pikipiki: umenieleza vizuri kuliko mafundi wengi. Kiki ikiwa ngumu, ringi na pistoni naziondoa kwenye lawama. Mchanganyiko umesahihisha. Kabureta ikizidisha petroli ingetoa moshi mweusi. Inabaki ile harufu, nayo naiamini. Kati ya injini na giaboksi kuna mpira wa duara uliovaa ekseli ya injini. Huku tunauita sili. Kazi yake ni kuzuia oili ya giaboksi isivuke. Ukizeeka unakuwa mgumu kama ukucha, na kila pistoni inapopanda injini inaivuta ile oili na kuichoma.

Tuhakikishe. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, chovya kijiti kisafi kwenye giaboksi, kitie alama ya kisu pale oili ilipofika. Endesha safari zako za kawaida, na kila ukiilaza tandika karatasi chini yake. Kisha chovya tena. Oili ikiwa imeshuka na karatasi ni kavu, basi injini ndiyo inayoinywa.

Hamoud

*

Jabe
25 Juni 1998

Mjomba,

Salaam zetu. Lile uliloandika kuhusu Rumonge nimelisoma.

Oili imeshuka chini ya alama, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Karatasi ni kavu kabisa. Nilijaza, ikashuka tena. Kwa hiyo ni hiyo sili yako.

Nimezunguka mji mzima kuitafuta. Kila mwenye duka anatikisa kichwa na kunitajia vikwazo. Hamimu ananishauri niipaki mpaka mipaka ifunguliwe. Mi siwezi kuipaki. Esansi yenyewe sasa inanimaliza, tangi halifiki hata katikati ya wiki, na bado naongeza oili ya giaboksi kila nikitoka. Huko Kigoma kila kitu kinapita. Tafadhali nitafutie sili umpe Cirimwami. Ni kitu kidogo, kinaingia mfuko wa shati.

Mama amelala. Angekuwa macho angeongeza lake.

Nura

*

Kigoma
3 Agosti 1998

Nura,

Salaam alaykum. Ugonjwa wa pikipiki umekwisha kujulikana, hilo tulifunge. Sili bado sijaipata. Nimeagiza Dar es Salaam.

Ila umeandika jambo bila kulipima. Kutoka Jabe kwenda Mutanga Nord ni karibu. Hata kwa injini mgonjwa, tangi haliwezi kuishia hapo. Mtu anayemaliza esansi namna hiyo anapanda mbali. Na mbele ya Mutanga kuna nini? Kuna Gasenyi, baada yake vilima, na walioko vilimani na bunduki zao tunawajua. Unakwenda wapi?

Tena nikuonye. Upande wa pili wa ekseli kuna sili nyingine, yenye umri uleule. Hiyo ikifa haiingizi oili, inaingiza hewa. Utasikia injini inapanda mwendo yenyewe hata ukiachia gesi. Ikifanya hivyo zima palepale, maana itapata moto na pistoni itakwama. Usiiendeshe. Ikae uani, ifunikwe turubai, mpaka nitakapokuandikia.

Hamoud

*

Jabe
1 Septemba 1998

Mjomba,

Salaam. Umeuliza. Sitakudanganya, ila sitakwambia yote.

Napanda Gasenyi. Kuna mwanamke huko ana ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano inataka baridi, na Gasenyi hakuna umeme tangu nyaya zikatwe. Naiweka kwenye frigo ya butiki inayouza soda hapa Jabe na kumpelekea kidogo kidogo. Hawezi kuteremka mjini kwa sababu analea mzazi asiyeweza kuinuka kitandani, na mzazi huyo hakubali kubebwa kwenye barabara ile. Nimejaribu mara nyingi. Teksi hazipandi. Kwa miguu naweza, lakini dawa inapata joto, na siku wanapofunga njia kabla ya adhuhuri nashindwa kurudi.

Jina ameniapisha nisilitaje kwa mtu yeyote aliye nje ya nchi. Nimemwapia, basi.

Kwenye bariyeri sasa wananiita Madamu Moshi. Wananijua, wananipitisha. Wa vilimani nao wananiona, nina hakika, maana moshi unapanda juu ya migomba kabla mi sijafika. Ukinipenda, nitafutie sili.

Nura

*

Kigoma
10 Oktoba 1998

Nura,

Salaam alaykum, na salaam kwa mama yako.

Dar hawajajibu. Wanasema labda mwezi ujao, labda baadaye. Mwambie mgonjwa wako atafute ndugu zake. Huruma yako haiwezi kufika mahali ambapo teksi zimekataa kufika.

Sijasahau Adil kaka yako. Alitoka kununua mkate, mkate tu, tukaletewa kwenye mkokoteni, na mimi ndiye niliyemvua viatu. Kwa nini unadhani niliondoka? Watu wanasema kwa sababu garaji ilichomwa. Garaji ningeijenga tena. Sitaki kuvua viatu vya mwingine. Kaa nyumbani, ushone nguo zako.

Hamoud

*

Jabe
22 Novemba 1998

Hamoud,

Waalaykum salaam. Mama yuko hai. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Jumanne ya wiki iliyopita nilichukua dawa asubuhi, nikaifunga kwenye kitambaa kilicholowa, nikatoka. Mgonjwa alikuwa amebakiwa na sindano ya siku ile tu. Nilipoacha nyumba za Mutanga injini ikaanza kupanda mwendo yenyewe, kama ulivyosema. Nikazima, kama ulivyosema. Nikangoja ipoe kando ya barabara, nimekaa juu ya jiwe, na dawa mapajani inaanza kupata joto. Nikaiwasha tena. Ningefanya nini? Ilikwenda mpaka chini ya ule mlima mfupi, ikapiga kelele moja, gurudumu la nyuma likajifunga na nikaanguka. Kiki haikushuka tena.

Niliisukuma mpaka bariyeri. Wakati huo vilimani walikuwa wameanza kupiga, na askari walikuwa wanarudisha watu wote. Nilimwonyesha mkubwa wao dawa. Alikuwa mutu wa adabu, aliishika, akaisoma, akanirudishia. Akasema, "Dada, leo hapandi mtu. Hata mimi sipandi." Nilimwomba mpaka akageuka upande mwingine. Kesho yake pia njia ilifungwa. Siku ya tatu nilipita mashambani kwa miguu nikafika.

Alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Mama yake alikuwa kwenye kitanda cha pili, anamwimbia dhikri, hawezi kumfikia. Nilimpiga sindano. Ilikuwa imechelewa. Alifariki kabla ya alasiri.

Mgonjwa huyo ni Asiya, mke wako. Hakuwahi kukanyaga Rumonge. Tangu ulipoondoka alikuwa Gasenyi, nyumbani kwa mama yake, bi Zubeda, safari isiyohitaji boti. Aliniapisha kwa sababu hakutaka urudi kwa ajili ya ugonjwa. Alisema, "Kama ni kurudi, arudi kwa ajili yangu."

Tulimzika hukohuko, watu wachache. Siku ya pili ya kilio Cirimwami alikuja kutoa pole. Alisema anasikitika kwamba zile sili hazikufika mapema. Nikamuuliza sili zipi. Akasema zile zilizoko kwenye kopo juu ya kabati lako, zote mbili, mpya, tangu mwezi wa saba. Alijitolea kuzileta, nawe ukamwambia, "Apana, ziache kwanza." Alidhani najua.

Kwa hiyo Dar ilijibu. Niambie kama Cirimwami ni mwongo.

Nura binti Khadidja

*

Kigoma
15 Desemba 1998

Mwanangu Nura,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Cirimwami si mwongo. Zilifika na boti ya mwezi wa saba, nikazishika mkononi, nikaziweka kwenye kopo. Nilifikiri pikipiki isiyotembea haiwezi kupigwa risasi. Nilifikiri utachoka kuisukuma na utakaa nyumbani. Kila Ijumaa nilipokuombea nilihesabu kwamba nimekuokoa Ijumaa nyingine. Kama ungeandika jina lake. Lakini nisikutupie wewe. Ningeliuliza mimi mwenyewe, kila barua nilikuwa na nafasi.

Talaka sikuandika kamwe. Watu wa Jabe walisema nimemwacha na sikuwakanusha, kwa hasira. Huku nilitafutiwa mke, nikakataa. Haya hayana faida sasa, nakwambia tu yalivyo.

Sili hizi hapa, ndani ya bahasha. Mtafute Sylvère aliyekuwa mwanafunzi wangu, nasikia amerudi mjini. Silinda itataka kusafishwa, pistoni huenda ikafaa bado. Bomba lichomwe tena, lina oili nyingi.

Nataka kuja nisimame kaburini. Kabla sijaja, nakuomba jambo moja. Ulikuwa naye mwishoni. Alisema nini? Alinitaja?

Hamoud

*

Jabe
28 Januari 1999

Mjomba,

Salaam alaykum. Mama ameniamuru niandike neno hilo, nimeliandika. Idi imepita. Wiki hii wametangaza kwamba vikwazo vimeondolewa, na dukani kwa Hamimu watu wamesongamana wakiuliza vitu walivyosahau kuvihitaji.

Sylvère alikuja. Alizifungua zile sili za zamani, akanipa nizivunje kwa vidole, zikakatika kama biskuti. Ulipatia, ile ya upande wa giaboksi ilikuwa imekwisha kabisa. Aliisugua silinda, akarudisha pistoni ileile, akachoma bomba. Inawaka kiki ya kwanza. Moshi hakuna, ni ule mdogo wa asubuhi tu. Kwenye bariyeri hawakunitambua mpaka nilipovua kofia.

Napanda kwa ajili ya bi Zubeda. Bado hakubali kuteremka, sasa anasema hawezi kumwacha Asiya. Nampelekea uji na maji, namgeuza, namfulia.

Ukija, mama atakufungulia mlango, wewe ni ndugu yake. Kaburi liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, mtu yeyote atakuonyesha. Mi usinitafute.

Umeuliza alisema nini. Nilitaka kukudanganya, maana wewe ulinidanganya kwa kunipenda na nimeona jinsi ilivyo rahisi. Lakini sikuweza.

Aliomba maji. Aliuliza kama nimekuja kwa miguu, nikasema ndiyo, akasema pole. Alinionyesha blanketi la mama yake, kwamba lianikwe juani kabla ya mvua. Alitamka shahada, polepole, nikimsaidia. Alikuwa na akili zake zote, na muda ulikuwepo.

Wewe hakukutaja.

Nura